Kampavani na Mto: Namna ya Kupanga Matembezi ya Siku Moja

Wanaoanza safari za kampavani, gari unalolala na kupikia ndani yake, huniuliza maswali yale yale kila likizo inapokaribia. Gari tuliache wapi? Twende kilomita ngapi? Buti zinahitajika au raba zinatosha? Maji ya mto yanafaa kunywa? Nimeyajibu hapa kwa pamoja, kwa mpangilio wa siku yenyewe, kuanzia usiku wa kuamkia matembezi hadi mnapovua viatu mlangoni pa gari.

Jambo moja lijue mapema, kwa sababu karibu kila hatua hapa chini inalitegemea. Anayepanda mlima akifika kileleni anajua amefika, anageuka. Mto haukupi mahali pa kuishia. Ukimaliza kona unaona kona nyingine mbele, nzuri kuliko ile ya kwanza, na njia ni tambarare kiasi kwamba miguu hailalamiki. Watu huenda mbele kwa saa nyingi, na uchovu unapowafikia ndipo wanapokumbuka kwamba umbali uleule bado wanaudaiwa. Kwa hiyo kando ya mto saa ndiyo inayoamua mwisho wa kwenda. Muda huo ninauita saa ya kugeuka, na unapangwa kabla ya kutoka.

Vitu vya kuwa navyo

Mfuko wa mgongoni usizidi uzito unaoweza kuusahau. Ndani yake weka:

- Maji ya kunywa. Hesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea kwa kila mtu, na zaidi jua likiwa kali.
- Chakula cha mchana na kitu kidogo cha kutafuna njiani.
- Koti la mvua na nguo moja ya joto, hata kama asubuhi anga ni safi.
- Soksi kavu za akiba, ndani ya mfuko wa plastiki.
- Plasta za malengelenge, bandeji, dawa ya kusafishia jeraha na kibanio cha kutolea kupe.
- Ramani ya karatasi, au ramani iliyopakuliwa kwenye simu ili ifunguke bila mtandao.
- Simu iliyojaa chaji na pawabanki.
- Filimbi na tochi. Tochi ni ya lazima hata kama unapanga kurudi mchana.
- Mfuko usiopitisha maji wa kuwekea funguo za gari.

Kuhusu viatu: kama njia ni ya changarawe au lami, raba zenye soli nzuri zinatosha. Kama ni udongo, na mvua imenyesha ndani ya siku mbili tatu zilizopita, vaa buti zinazoshika kifundo cha mguu. Usivae buti mpya siku hiyo. Zivae kwanza siku kadhaa kwenye shughuli ndogondogo, hata ukienda tu kuchota maji kambini.

Usiku wa kuamkia matembezi

1. Chagua kipande cha mto. Thames Path, njia ya miguu inayofuata mto Thames huko Uingereza, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1996, ina urefu wa karibu kilomita 300. Hakuna anayekulazimisha uimalize, na uzuri wa mto unapatikana katika kipande kifupi sawa na katika mto mzima. Kwa anayeanza, kilomita 10 hadi 12 kwenda na kurudi ni siku nzuri.

Pima umbali kwa kufuata mto wenyewe. Mstari ulionyooka juu ya ramani hudanganya sana hapa, kwani mto unaopindapinda unaweza kukurefushia njia mara mbili. Chukua uzi, ulaze juu ya mto kwenye ramani ukifuata kila pindo, kisha unyooshe na kuupima. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita 1. Kwenye ya 1:50,000, ni sentimita 2.

Ukiwa na ramani mkononi, tafuta vijito vinavyoingia mtoni upande ule mtakaotembea. Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Ramani inaonyesha njia inafuata ukingo vizuri, kumbe kuna kijito cha kuvuka, na daraja lake liko kilomita moja juu. Kila kijito ukione na daraja lake, au uhesabu mzunguko wake.

Wengi hutaka kwenda kwa ukingo mmoja na kurudi kwa mwingine. Ni wazo zuri, ila hakikisha mambo mawili: njia ipo kweli pande zote mbili, na daraja la kuvukia ni la waenda kwa miguu au lina nafasi ya kupita salama. Madaraja ya reli hayahesabiki.

2. Piga hesabu ya saa ya kugeuka. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, ukiongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kando ya mto kupanda ni kidogo, lakini tope, mageti ya mashamba na kusimama kutazama ndege vinakula muda vilevile. Hesabu kilomita 3 kwa saa. Mwenye watoto wadogo ahesabu 2.

Mfano: mnatoka saa 3 asubuhi na mnataka kuwa garini kabla ya saa 9 alasiri. Hizo ni saa 6. Toa saa 1 ya akiba, toa saa 1 ya kula na kupumzika. Zinabaki 4, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Saa ya kugeuka ni saa 5 asubuhi, na mtakuwa mmefika karibu kilomita 6. Mkila pale pale hadi saa 6, mtafika garini saa 8, na saa ya akiba bado haijaguswa.

Iandike, na muikubali wote kwa sauti. Weka kengele ya simu.

3. Weka alama kila mahali barabara inapogusa mto. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwa na gari lenu wenyewe, na ni wachache wanaoitumia. Kila daraja la magari na kila barabara inayoshuka hadi ukingoni ni mlango wa kutokea. Mtu akiumia kifundo au mtoto akichoka kabisa, mwenye nguvu anarudi kuchukua gari na kuja kuwapokea wengine hapo. Lazima basi watu wawili wawe wanaruhusiwa kuliendesha. Kama ni la kukodi, majina yote mawili yawe yameandikwa kwenye mkataba.

4. Ulizia habari za maji na mvua. Usiangalie hali ya hewa ya pale ulipo tu. Angalia ya juu ya mto, kule maji yanakotoka. Mvua kubwa iliyonyesha milimani usiku inaweza kukufikia mchana wa jua, saa kadhaa baadaye. Uliza pia kama kuna bwawa la umeme juu yako. Mabwawa hufungulia maji kwa ratiba yao, na mto unaweza kupanda ghafla bila tone la mvua. Ukiona vibao vya onyo au ukisikia king'ora, toka karibu na maji mara moja.

Asubuhi, kwenye gari

5. Egesha mahali pa juu na pagumu. Kabla ya kuzima injini, tazama matawi ya miti na waya za uzio. Ukiona nyasi kavu, vijiti au plastiki zimenasa juu yake, basi maji yaliwahi kufika kimo hicho. Hapo usiache gari. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kuyaelesha magari mengi madogo, na kampavani yenye ubavu mrefu inasukumwa kwa urahisi.

Epuka nyasi laini hata kama asubuhi zinaonekana imara, kwani gari lililosimama siku nzima huzama polepole kwa uzito wake. Geuza gari litazame njia ya kutokea. Usizibe geti la shamba hata kama linaonekana halijafunguliwa miaka. Ukiegesha kwenye mteremko, weka gia, vuta breki ya mkono na weka kabari kwenye gurudumu.

6. Lifunge gari kama nyumba ya mtu anayesafiri. Funga valvu ya mtungi wa gesi. Funga madirisha na kifuniko cha paa, kwa sababu mvua ya dakika kumi inatosha kulowesha godoro. Kunja turubai la pembeni. Upepo ukilivunja mikono yake, likizo yote inaharibika. Ingiza ngazi ya mlangoni. Angalia friji inavuta umeme wapi: kama inanyonya betri ile ile ya kuwashia injini, izime, na uache mlango wake umefungwa ili baridi isitoke haraka. Ficha vitu vya thamani, na pasipoti uondoke nazo.

Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili tofauti, kila moja ndani ya mfuko wake usiopitisha maji. Funguo za kielektroniki zikilowa, huenda mkabaki nje ya nyumba yenu wenyewe.

7. Mwambie mtu. Mtumie ndugu au rafiki ujumbe wenye mambo matatu: gari liko wapi, mnaelekea upande gani wa mto, na saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi. Usibandike karatasi kwenye kioo cha gari inayosema mtarudi jioni. Mwizi naye anajua kusoma.

Hifadhi mahali pa gari kwenye ramani ya simu. Kisha tembea hatua hamsini, geuka, piga picha ya unapoona gari. Kando ya mto mahali pengi hufanana, na utakapokuja kutoka upande wa pili picha hiyo itakusaidia.

Njiani

8. Anza kwa kupandisha mto. Kama njia zote mbili zinapendeza sawa, elekea chanzo kwanza. Kurudi mtakuwa mnashuka na mkondo, na ule mteremko mdogo ambao asubuhi hamkuuona utawasaidia mchana.

Jifunze pia kutaja kingo. Ukingo wa kulia ni ule ulio kuliani kwako ukitazama maji yanakokwenda, hata kama wewe unatembea kuelekea juu. Waokoaji na waendesha mashua wanautaja hivyo popote. Ukiwapigia simu ya msaada na kukosea ukingo, huenda wakatumwa ng'ambo ambako hakuna daraja.

9. Usome ukingo unaoukanyaga. Kwenye kona, maji hukimbia kasi upande wa nje na kuuchimba kwa chini. Juu unaona majani mazuri, kumbe chini ni mtupu. Tembea mita mbili tatu ndani, na usisimame kwenye ncha kupiga picha. Upande wa ndani wa kona maji hupungua kasi na kuacha mchanga na kokoto. Ni mahali pazuri pa kukaa, lakini ndipo panapofunikwa kwanza mto ukipanda.

Mkikaa kupumzika, weka jiwe pale pale maji yanapoishia. Mkiinuka litazame. Likiwa limemezwa, au maji yamegeuka ya tope, au vijiti na majani vimeanza kuteremka kwa wingi, mto unapanda. Hameni kwenye njia ya juu na mwanze kurudi.

*Onyo kuhusu kuvuka.* Anayeanza avuke darajani tu. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na hicho ni kimo cha kifundo cha mguu kupanda kidogo. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakivua viatu ili kuokoa mwendo wa nusu saa. Nusu saa hiyo mnayo. Ndiyo kazi ya ile saa ya akiba.

*Onyo kuhusu vizingiti.* Ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto, maji yakiporomoka juu yake kwa utulivu, ndio mahali pa hatari kuliko maporomoko yenye kelele. Chini yake maji hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Msiogelee karibu nao, juu wala chini.

*Onyo kuhusu kunywa.* Maji ya mto yakiwa maangavu bado yanaweza kubeba vijidudu vya mifugo na vyoo. Mkilazimika, yachemsheni yatokote kwa dakika 1 nzima, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Kuchemsha hakuondoi dawa za mashambani. Utando wa kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji yaliyotulia unaweza kuwa na sumu. Mbwa na mtoto wasiuguse. Na katika nchi za joto, maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia yanaweza kuwa na kichocho, kwa hiyo msiingize miguu kabla ya kuulizia.

Mkikuta wavuvi, piteni nyuma yao, na mtazame ndoana inaporushwa. Mkikuta ng'ombe wenye ndama, zungukeni mbali, mbwa akiwa kwenye kamba. Geti mlilolikuta limefungwa, lifungeni. Mlilolikuta wazi, liacheni wazi. Haja kubwa: hatua 70 kutoka majini, shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha mfukie.

10. Kengele ikilia, geukeni. Hata kama mbele kuna daraja la mawe ambalo mmeliona kwenye picha. Mna gari, kesho mnaweza kuliegesha karibu na daraja hilo na kuanzia hapo. Mimi naona huu ndio uhuru wenyewe wa kampavani, na anayeuelewa hapati shida kugeuka. Kuleni, badilisheni soksi, na mnywe maji kabla ya kuondoka. Kagueni visigino vya watoto sasa, ngozi ikiwa bado nyekundu tu.

11. Kabla ya kuingia garini. Vueni viatu nje na kung'uta tope. Jikagueni kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio. Aliyenasa ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja, bila kumchoma wala kumpaka mafuta. Nguo zilizolowa ning'inizeni nje, na viatu vijazeni karatasi. Usiwashe jiko la gesi ili kukausha nguo madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Kampavani yoyote inafaa iwe na kifaa cha kuitambua.

Mambo yakienda kombo

*Njia imeishia kwenye uzio au maporomoko ya udongo.* Rudini hadi makutano ya mwisho. Msijaribu kupenya kwa kushikilia mizizi ukingoni, na msiseme "tufuate tu mto utatufikisha." Mito hupita kwenye makorongo yasiyopitika.

*Mmechelewa, saa ya kugeuka imepita.* Msikimbie. Tafuteni mlango wa kutokea ulio karibu kwenye ramani, mtoke barabarani, na mmoja akalete gari. Aliyeumia asibaki peke yake.

*Lengelenge limeshatokea.* Usilipasue. Safisha, kausha, funika kwa plasta pana, vaa soksi kavu, na kaza kamba ili kisigino kisicheze ndani ya kiatu.

*Mtu ametumbukia.* Usimfuate majini. Mpigie kelele alale chali, miguu ikitangulia mkondo unakokwenda, na asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, kwa maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utamlaza kifudifudi. Mnyoshee fimbo au koti ukiwa umelala chini, au mrushie kitu kinachoelea. Maji ya chini ya nyuzi 15 humkata mtu pumzi. Aelee tu kwanza hadi pumzi irudi. Mbwa akitumbukia, naye usimfuate majini: mara nyingi yeye hutoka mwenyewe mbele kidogo.

*Mnahitaji msaada.* Namba 112 inafanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi. Kwingineko ijue namba ya nchi kabla ya kutoka. Simu isiposhika, pigeni filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, mnyamaze dakika moja, mrudie. Usiku fanyeni vivyo hivyo kwa tochi.

*Gari haliwaki.* Mara nyingi ni betri, na mara nyingi ni taa ya ndani au friji iliyosahauliwa. Ombeni mwenye gari jingine awaunganishie waya, na injini ikiwaka msiizime. Endesheni angalau nusu saa.

*Magurudumu yamezama.* Usikanyage mafuta kwa nguvu, unachimba tu. Shusheni mizigo na watu. Fukueni tope mbele ya magurudumu yanayosukuma, wekeni vipande vya mbao, matawi au zulia la mlangoni, kisha ondokeni kwa gia ya pili polepole, usukani ukiwa umenyooka. Wanaosukuma wakae kwenye kona za nyuma, wasisimame katikati. Likishatoka, usisimame hadi ufike kwenye changarawe.